Stuli Yenye Chale

Mwananyamala,
4 Machi 2024

Kaka Romani,

Shikamoo. Usishtuke kukuta karatasi chini ya sponji ya kiti, sijarogwa. Kiti kinarudi kwako Keko kubadilishwa kitambaa, nikaona nikibebeshe na maneno. Kama barua imekunjika mlaumu Suhaib, dereva wa kirikuu cha kampuni, maana naye hakosi abiria wa kumkalisha juu ya mali ya watu.

Simu yangu siku hizi anakaa nayo Adelard. Anasema nyota hapokei simu mwenyewe. Ukipiga utaongea na shemeji yako, ukituma ujumbe atausoma shemeji yako, na zile picha zangu za kucheka mtandaoni anazipandisha shemeji yako. Mie nimebaki na kalamu kama mwanafunzi wa bweni.

Nina oda. Tamthilia imepamba moto, na Mzee Chuma sasa anampiga mkewe kwa stuli. Mzee Chuma ni mume wangu, mke, Mwanaidi, ni mie, na mwongozaji ni yeye tena, basi nyumbani na kazini bosi ni mmoja. Tutengenezee stuli ya kuvunjika, nyepesi, ile miti uijuayo wewe. Ipake rangi ifanane na ya kukalia.

Watu wamenogewa, kaka. Juzi muuza nyanya kanishika mkono pale sokoni, machozi yanamtoka. "Mwanangu, muache yule mzee." Nikamwambia, "Mama, tunaigiza." Akasema, "Najua. Lakini muache." Hata majirani wamenizoea. Nikipiga kelele mchana wanapunguza redio. "Dada Rosa yuko mazoezini huyo."

Unakumbuka mwigizaji wetu wa kwanza? Lipiko, yule mcheza ngoma wa kinyago kule Newala, kichwa cha mti na nguo hadi vifundoni, mama zetu wanakimbia wanapiga yowe kana kwamba ni mzimu kweli. Mie nikaona mguu una vidole sita, nikaropoka, "Huyo ni mjomba Leonardi!" Ukaniziba mdomo kwa kiganja hadi nikakosa pumzi. Nilipigwa na shangazi wote siku ile. Mwanamke hajui aliyemo ndani ya lipiko, hata akijua. Nacheka nikikumbuka.

Na kile kidole chako ulichokipasua kwa tezo kimepona? Acha kufanya kazi na kandambili, mzee mzima.

Mdogo wako,
Rosalia


Keko,
11 Machi 2024

Rosa wangu,

Marahaba. Barua yako imenuka sponji lakini imesomeka. Kidole hakijapona wala hakitapona, kimegawanyika katikati kama kwato ya mbuzi. Viatu vya kufunika nimevipa likizo ya kudumu, sasa ni makubazi tu, kanisani na kilioni.

Stuli nimekutengenezea mbili, na nisikilize vizuri maana hapa ndipo watu wanaumizana. Moja ni ya mninga, hiyo ni ya kukalia, akikaa mnene haisemi kitu. Ya pili ni ya msufi pori, mti uleule baba alikuwa akichongea vichwa vya mapiko ili mchezaji asivunjike shingo. Miguu yake nimeikata kwa ndani, ukigonga tu inasambaratika. Kwa macho ni mapacha. Kwa hiyo hii ya msufi nimeichanja chini ya kiti, mikato mitatu, chale kama za bibi shavuni. Kabla ya kupigana, pitisha kidole chini. Yenye chale haiui. Isiyo na chale ni ya kukalia, asiinyanyue mtu.

Umetutoa ushamba, mdogo wangu. Siku ya tamthilia mafundi wote wa hapa tunahamia kibanda umiza kuitazama, hata wapenzi wa mpira wanafyata. Ulivyolia wiki iliyopita, Venance, yule jitu la kupasua magogo, alitoka nje akisingizia kukojoa. Nilijisifu hadi wakanikataza. Nikawaambia huyu alianza kwa kumwigiza Veronika kwenye Njia ya Msalaba, akalia mpaka padri akasahau kituo kinachofuata. Akaenda chuo cha sanaa, akazunguka mashuleni na majukwaa ya mbao mbovu, akaigiza hausigeli mwenye sentensi moja. Leo nchi nzima inalia naye.

Sasa la nyumbani. Jumapili ya tarehe saba Aprili Sebastian wangu anapokea komunyo ya kwanza. Wewe ndiye mama yake wa ubatizo. Usipokuja nitakuja kukubeba.

Kaka yako,
Romani


Mwananyamala,
2 Aprili 2024

Shemeji Romani,

Nakusalimu kwa heshima. Kijana wetu Suhaib amenidokeza kwamba wewe na Rosalia mmefufua utamaduni wa kuandikiana barua, nami nimezisoma kwa furaha. Mna vipaji, hasa hadithi ya lipiko. Nimeona na mimi nijiunge katika ustaarabu huu.

Kwanza naomba radhi kwa niaba ya mke wangu. Jumapili ya komunyo hatakuwepo, ratiba ya kazi imembana, na wewe unajua jina halijengwi kwa sherehe. Mwenyewe amesikitika sana. Zawadi ya Sebastian ataleta Suhaib.

Pili, stuli yako ya msufi ilipasuka vizuri, lakini mlio wake ni wa boksi. Watazamaji wa siku hizi si wajinga, sikio lao linajua. Kwa kipande kijacho naomba mchi wa kutwangia, mninga halisi, mzito, usio na chale. Usiwe na wasiwasi, sisi ni wataalamu, mchi utapita pembeni na kamera itamalizia. Rosalia mwenyewe ndiye aliyeupendekeza. Anapenda kazi iwe ya kweli, na hilo ndilo lililonifanya nimpende tangu siku ya kwanza nilipomsikia akilia jukwaani. Kilio kile, shemeji, ni madini.

Ni mimi shemeji yako,
Adelard


Keko,
22 Aprili 2024

Rosalia,

Nilikuwa nimekasirika, nakwambia ukweli. Mtoto amesimama altareni anageuka nyuma kukutafuta, sie tunamwambia shangazi yuko njiani. Mke wangu akasema ustaa umekupanda kichwani. Nikakutetea, lakini moyoni nilikuwa upande wake.

Halafu jana nimeona kipande cha mchi.

Rosa, nimekusamehe yote. Kibanda kizima kilisimama. Mlio ule! Mie fundi nikajua kabisa huo ni mti wangu umelia, mninga haufichiki, nikasema moyoni kweli shemeji ni mtaalamu, huyu kaupitisha wapi ukalia vile? Na wewe ulivyoushika mkono, ukaenda chini, ukaita, "Romani! Kaka Romani!" Katika mchezo Mwanaidi hana kaka, nakumbuka alikuwa yatima. Kwa hiyo ni mie! Umenitaja kwenye TV! Mafundi walinibeba juujuu mpaka karakana. Tangu asubuhi wananiita Romani wa Runinga, na wateja wanaletwa kuja kuniona.

Hiyo ndiyo zawadi ya komunyo, nimepokea. Ila siku nyingine nitaje na mahali, useme Keko, biashara ipande.

Kaka yako maarufu,
Romani


Mwananyamala,
13 Mei 2024

Kaka,

Usishangae mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umo ndani ya plasta. Barua hii anakuletea Anastasia mwenyewe, yule dada anayenipaka usoni kazini. Mpe jibu mkononi. Usimpe tena Suhaib chochote. Barua yako ya mwisho Adelard alinisomea kwa sauti wakati wa chakula, akiigiza sauti yako, na alipofika kwenye Romani wa Runinga alicheka hadi akapaliwa.

Mchi haukupita pembeni.

Sikukutaja kukutangaza, kaka. Nilikuita. Mfupa ulipokatika nilikuita wewe kama mtoto. Cha ajabu hakusema kata. Kamera iliendelea, nikabaki chini, wakasogeza taa. Alipomaliza kila mtu alipiga makofi, na yeye akaniinamia akasema taratibu, "Umeona? Ndivyo inavyotakiwa."

Nikueleze sasa kila kitu maana nimechoka kukuchekesha. Alianza mwaka wa kwanza wa ndoa, kofi la mazoezi. Kesho kuna kipande cha kulia, anasema, na wewe umeshiba sana, huwezi kulia, ngoja nikusaidie. Baadaye hakungoja kuwe na kipande. Akaona tatizo la majirani, akaandika tamthilia ya mume anayepiga. Elewa hapo. Tamthilia haikuja kabla. Iliandikwa ili kelele zangu ziwe na sababu. Michubuko ikionekana ni makeup. Nikilia ni mazoezi. Siku ya komunyo ya Sebastian jicho langu lilikuwa limefumba kabisa, na nilikuwa nimefungiwa chumbani na gauni la kitenge nililolishona kwa ajili ya siku hiyo. Sijui kama kuna mwanamke Dar nzima aliyepigwa mbele ya watu wengi kama mie, na wote wananipenda.

Nilikwenda kituo kimoja cha polisi, dawati la jinsia. Afande wa kike alinipokea vizuri, akaita wenzake, wakapiga picha na mie. Nilipofunua bega akasema, "Eh, dada, wanakupaka kama kweli!" Kabla sijafika nyumbani Adelard alikuwa ameshapigiwa simu ya pongezi.

Sasa sikiliza. Mashabiki wamelalamika, wanataka Mwanaidi ajibu mapigo. Kipande cha mwisho kitarekodiwa mbele ya watu, ukumbini Kimara, Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Juni. Mzee Chuma atakuwa amekaa, mie nitatokea nyuma yake na stuli, nitampiga kichwani, ataanguka, pazia. Atataka stuli zako. Hanyanyui vitu, hiyo ni kazi ya vijana, lakini ni mwoga, atainama apapase chini mwenyewe kutafuta chale.

Tengeneza zote mbili za mninga. Moja ichanje chale.

Sitakuomba kitu kingine maishani.

Rosalia


Keko,
20 Mei 2024

Rosa,

Niliposoma barua yako nilikuwa nimeshika tezo, na sikuiweka chini mpaka Mwananyamala. Anastasia alinikimbilia nyuma, akashindwa.

Majirani zako walikuwa barazani. Nikawauliza, "Nyie hamsikiagi dada yangu anavyolia?" Mama mmoja akanijibu bila kunyanyua macho kwenye mchele, "Tunasikia, baba. Si mazoezi hayo?" Nikamtazama. Akawa anautazama mchele. Yule mama anajua, Rosa. Wote wanajua.

Kisha mlango ukafunguliwa akatoka mumeo, kanzu nyeupe ya nyumbani, mikono wazi. "Shemeji! Mbona hukusema unakuja?" Na wewe ukatoka nyuma yake. Nikakuuliza mbele yake, "Huyu amekuvunja mkono?" Ukacheka. Ukasema, "Kaka, nimeteleza bafuni, nani kakudanganya?" Ukanipa soda. Nilisimama na tezo mkononi kama mwendawazimu, nikainywa ile soda, nikaaga.

Nimekaa siku tatu sijui nimwamini nani, barua yako au meno yako. Kama ni kweli, kwa nini ulicheka? Na kama si kweli, unanitaka nini na stuli mbili za mninga? Mie nachonga vitanda vya maharusi. Unataka niwachongee wauaji?

Na ukimuua, Rosa, mbele ya ukumbi mzima, halafu? Utafungwa. Mama alituzaa wawili.

Nijibu.

Romani


Mwananyamala,
29 Mei 2024

Kaka Romani,

Shikamoo. Sina hasira na wewe.

Ulipokuwa unaniuliza, mkono wake ulikuwa mgongoni kwangu. Ulidhani amenikumbatia. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kiwiko, pale plasta inapoishia, na kila ulivyosema neno alikuwa anakizungusha kidogo. Nilicheka kwa sababu ningefungua mdomo kwa namna nyingine ningepiga yowe, na wewe ungenyanyua tezo, na yeye ndani ana bastola aliyonunua kwa kibali. Alikuwa anakungoja uinyanyue. Ile soda nilikupa ili uwe na kitu cha kushika mkono wa pili. Hicho ndicho kipande kigumu kuliko vyote nilivyoigiza tangu Veronika, na hakuna aliyenipigia makofi.

Ulipoondoka alinipiga ndani ya bafu, ili nisiwe mwongo, alisema. Kuteleza bafuni kuwe kweli.

Unasema nitafungwa. Gerezani kuna mlango ambao ufunguo hana yeye. Unasema mama alituzaa wawili. Ataniua, kaka, na nitafia mbele ya kamera, na watu watasimama wapige makofi, na wewe mbele yao, ukijisifu kwa Venance jinsi mdogo wako anavyojua kufa.

Nisamehe hilo la mwisho. Lakini silifuti.

Plasta inatolewa wiki ijayo. Nitaweza kunyanyua mninga.

Rosalia


Keko,
17 Juni 2024

Mdogo wangu,

Stuli zimekamilika, Suhaib atazichukua kesho, barua anakuletea Anastasia. Nimezipiga msasa mwenyewe, sikumwachia mtu.

Chale iko palepale ilipokuwaga, kwenye stuli ya msufi, kama mara ya kwanza. Sikukuchongea ulichoniomba. Ukiinyanyua utanitukana, nitukane. Mpige nayo, ivunjike, pazia lifungwe.

Usiogope yanayofuata. Tiketi ninayo. Mie nakuja Kimara.

Romani


Keko,
3 Julai 2024

Rosa,

Anastasia anasema sasa unafumbua macho yote mawili na unakunywa uji kwa mrija. Nimeshukuru Mungu, halafu nikaogopa kushukuru.

Sijaja wodini kwa sababu kuna askari mlangoni. Si kwamba nimekimbia, niko hapahapa karakana, naranda mbao. Sijui wewe unakumbuka nini, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona mie kutoka viti vya nyuma, nikiwa na suti yangu ya harusi.

Ulitokea nyuma yake na stuli. Alikuwa amekaa kwenye ile ya mninga, anatabasamu, maana nusu saa kabla nilimwona akiinama kupapasa. Uliinyanyua, na nikaona uso wako ulivyoujua wepesi wake. Ulinitafuta ukumbini. Nikajificha nyuma ya kofia ya mtu. Nilidhani utapiga tu imalizike.

Ukaiweka chini. Ukapandisha mikono ya gauni hadi mabegani, ukasema, "Wewe si Mzee Chuma. Wewe ni Adelard, mume wangu, na mkono huu umeuvunja wewe." Watu wakapiga makofi! Wakapiga miluzi! Mbele yangu kijana akasema, "Duh, huyu dada noma."

Alinyanyuka, akaishika ile aliyokuwa ameikalia. Nikaanza kupita katikati ya viti, watu wananiambia kaa chini braza, tunaona vipi? Ya kwanza ikakupata bega. Makofi. Ya pili usoni. Makofi yakapungua, lakini yalikuwepo, Rosa, niliyasikia. Ya tatu ulikuwa umeshalala. Ndipo Anastasia akatoka nyuma ya pazia na kopo la poda mkononi, anapiga kelele, "Hiyo damu sijapaka mie! Jamani, mie ndiye nampakaga, hiyo sijapaka mie!"

Makofi yakakatika. Halafu ukumbi ukanyanyuka wote. Sijawahi kuona watu namna ile, akina mama wa viti vya mbele ndio walitangulia, na viatu mikononi. Mmoja alikuwa anasema huku anampiga, "Tulijua! Tulijua!" Taa moja ikaangushwa, kamera ikaanguka, kukawa giza la vumbi na miguu. Alikuwa amepiga magoti, anaomba, anasema jamani tunaigiza. Alikuwa bado mzima. Wengine walishaanza kurudi nyuma.

Nilikuja nikuchukue, Rosa. Nilipanga pazia likifungwa nikushike mkono mbele za watu, tutoke, tuone atakayetuzuia. Lakini stuli ilikuwa imelala miguuni pangu. Niliijua kwa mkono kabla sijaiona. Niliipapasa chini, haina chale. Isiyo na chale asiinyanyue mtu, nilisema mwenyewe. Nikainyanyua.

Redioni wamesema mwigizaji fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wanasema watu wote waliohojiwa hawakuona kitu. Hata kijana wa noma. Venance alikuwepo, siku hizi ananiletea chai.

Nilikataa uwe muuaji, nikawa mie. Usiku nasikia mlio ule. Nataka kwenda kituoni nikaseme kwamba hao wananchi wenye hasira kali ni mtu mmoja, anaitwa Romani, fundi wa Keko. Kabla sijaenda nataka kujua jambo moja. Uliniona?

Kaka yako


Mwananyamala, wodini,
10 Julai 2024

Kaka Romani,

Shikamoo. Taya limefungwa waya, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani kalamu ndiyo inayoweza na mdomo hauwezi. Meno matatu yamebaki Kimara, wayafagie. Daktari anasema uso utarudi, ila si uleule. Nikamwandikia, afadhali, ule ulikuwa umechoka.

Kwanza la stuli. Nilipoinyanyua nikaihisi nyepesi nilikutukana, kweli. Nilikutukana na mababu. Kisha nikasimama nayo na nikaona kitu cha ajabu, kwamba nikimpiga kwa msufi nitakuwa nimeigiza tena. Itavunjika, watacheka, tutarudi nyumbani. Sikuwa na silaha nyingine ila jina lake. Nilijua atakachofanya. Sikujua kama watu wangeendelea kupiga makofi. Hilo sitawasamehe hata waliokuja na viatu.

Yule jirani wa mchele alikuja kunitazama jana. Alilia, akaniambia, "Tulikuwa tunajua, mwanangu." Nikamwandikia kwenye kikaratasi, "Najua kwamba mlijua." Akakikunja akakiweka kwenye sidiria, akaniachia maembe ambayo siwezi kuyatafuna.

Unauliza kama nilikuona. Nilikuwa sakafuni, kaka, shavu kwenye mbao, jicho moja linafanya kazi. Niliona miguu. Visigino vya akina mama, raba za vijana, magoti yake. Miguu ikarudi nyuma. Halafu yakaja makubazi, na ndani yake kidole kimepasuka katikati kama kwato ya mbuzi. Kikakanyaga karibu na uso wangu, kikajikaza sakafuni, kama mtu anapojiandaa kunyanyua kitu kizito.

Nilitaka kuita. Jina lako lilikuwa mdomoni tayari, kama siku ya mchi. Nikaunyanyua mkono wangu huu uliounga vibaya, nikajiziba mdomo mwenyewe, kwa kiganja, hadi nikakosa pumzi. Nilisikia pigo. Lilikuwa moja tu. Mti wako haufichiki.

Miaka yangu yote nimewachukia wanawake wa kwetu kwa kukimbia lipiko huku wakijua ni nani. Nilidhani ni woga. Siku ile nililala sakafuni nikiwa mmoja wao, na haukuwa woga, ulikuwa ni upendo, na ulikuwa na ladha ya damu. Sasa sijui. Pengine na yule mama wa mchele alikuwa anampenda mtu fulani. Sina nguvu ya kulifikiri hilo leo.

Kama roho yako inakusukuma kwenda kituoni, nenda, mdomo huo ni wako na siwezi kuuziba kutoka kitandani. Lakini ukinitaka shahidi, hujampata. Sebastian ana baba mmoja. Mie nina kaka mmoja. Msufi ulinichongea wewe, na ndiyo maana niko huku wodini na si gerezani.

Jumatatu wanakuja kuchukua maelezo yangu. Anastasia alitaka kunipaka kidogo, nimemkataza. Nitavaa lile gauni la kitenge la komunyo, nimemwambia alikate mikono. Watapiga picha za mabega, za kiwiko, za kila mahali, na safari hii hakuna atakayesema nimepakwa. Kisha wataniuliza ni nani aliyeshika stuli. Nitachukua kalamu na kuwaandikia kwamba nililala chini, niliona miguu tu.

Si uongo, kaka.

Mdogo wako,
Rosalia